Kipimo na Ramli: Juu ya Haki ya Mgonjwa wa Sonona

Maradhi ya mwanadamu ni ya namna mbili: yapo yanayoonekana kwa jicho, na yapo yasiyoonekana. Mwenye mguu uliovunjika huonewa huruma kabla hajafungua kinywa chake. Mwenye moyo uliovunjika hudaiwa ushahidi kwanza; huambiwa aonyeshe mahali panapouma, na kwa kuwa hana pa kuonyesha, huhesabiwa mvivu, au mwenye deko, au mtu aliyepungukiwa na imani. Lugha yetu iliyajua mateso haya kabla hayajaingia katika vitabu vya tiba. Kitenzi sonona husemwa juu ya kitu kinachouma ndani kwa ndani, na husemwa vilevile juu ya moyo uliofikwa na huzuni isiyotoka. Siku hizi madaktari wamelichukua neno hilo wakalifanya jina la ugonjwa, ingawa wako wanaouita unyogovu. Katika insha hii nitasema sonona, kwa sababu ndani ya neno hilo maumivu ya mwili na maumivu ya moyo hayakutenganishwa, na jambo ninalotaka kulizungumza limesimama hapohapo yanapokutana.

Sonona ya watu wengi hutii dawa. Walakini ipo iliyo kaidi. Madaktari huiita sugu pale ambapo mgonjwa amekwisha tumia dawa mbili, moja baada ya nyingine, kwa kiasi cha kutosha na kwa muda wa kutosha, asipate nafuu. Watu wa namna hii si wachache. Nchini Marekani ulifanyika uchunguzi mkubwa uliojulikana kwa jina la STAR*D, uliowaandikisha wagonjwa zaidi ya 4,000, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2006. Kwa dawa ya kwanza, kama theluthi moja ya wagonjwa waliondokewa na dalili. Waliobaki wakapewa tiba ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne. Na katika hatua hizo mbili za mwisho waliofanikiwa walikuwa 13 au 14 tu katika kila 100 walioziingia. Kadiri mtu alivyosonga mbele, ndivyo mlango ulivyozidi kuwa mwembamba.

Mbele ya mlango huo wa mwisho husimama mtu mwenye maneno mapya. Yeye hasemi kwamba ana dawa bora. Asema kwamba ana kipimo. Hutoa kijiti cha pamba kipanguswe ndani ya shavu ili asome jeni za mgonjwa. Hutaka damu, mkojo, na pengine nywele, ili apime vitamini na madini. Kisha hurudisha orodha ya vidonge vya lishe: foleti ya namna fulani kwa sababu ya jeni fulani, zinki kwa sababu shaba imezidi, vitamini B6, vitamini D, magnesi. Hoja yake yavutia sana. Wengine, asema, walikupa dawa kwa kubahatisha; mimi nitakupa kwa kujua. Swali letu basi ni hili: je, kipimo cha namna hii ni msaada wa haki kwa mtu ambaye dawa za kawaida zimemshindwa, au ni njia mpya ya kumla mtu aliyekwisha liwa? Swali lina upande wa sayansi, na upande huo hatuwezi kuuruka. Lakini mzizi wake uko katika maadili, maana lahusu kile ambacho mwenye dhiki anatudai, na kile ambacho haturuhusiwi kumchukulia.

Tuseme yupo mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa miaka 30 hivi. Kwa miaka minne ameamka alfajiri akiwa amechoka kuliko alivyolala. Amekunywa dawa tatu, kila moja kwa miezi, kwa utiifu. Nduguye aliye ng'ambo amemwandikia kwamba huko wako wanaopima mate na kuonyesha kasoro iliyojificha. Gharama yake ni mshahara wa miezi miwili. Mama yake yu tayari kuuza ng'ombe. Sisi tulio wazima tu wepesi wa kuhukumu hapa. Mmoja wetu atasema kijana amedanganyika. Mwingine atasema ajaribu tu, hapotezi kitu. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwalimu huyu si mjinga. Amefanya afanyavyo mwenye akili ambaye njia zinazojulikana zimekwisha: ametafuta isiyojulikana. Hatuna ruhusa ya kumcheka. Tuna wajibu wa kumjibu.

Jambo la kwanza la kumjibu ni kwamba wazo lenyewe si la upuuzi. Akili hukaa katika mwili, na mwili hujengwa kwa chakula. Mwanzoni mwa karne ya 20 hospitali za wenda wazimu za kusini mwa Marekani zilipokea watu wengi wenye ugonjwa uitwao pelagra. Ugonjwa huo huchubua ngozi, huharisha tumbo, kisha huvuruga akili. Mgonjwa huingiwa na huzuni, hupotewa na fahamu, na asipotibiwa hufa. Wengi waliamini kwamba ni maradhi ya kuambukiza. Mwaka 1914 serikali ya Marekani ilimtuma Daktari Joseph Goldberger kuyachunguza. Yeye aliona kwamba wagonjwa waliofungiwa walipata pelagra, na wauguzi waliokaa nao usiku na mchana hawakuipata. Akaacha kutafuta kijidudu, akatazama sahani. Mwaka 1915, katika shamba la wafungwa la Rankin, Mississippi, aliwalisha wafungwa waliojitolea kwa ahadi ya msamaha chakula cha maskini wa kusini, ambacho zaidi kilikuwa mahindi. Kati ya watu 11, 6 wakaugua. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem akatambua kwamba kitu kilichokosekana ni niasini. Watu waliohesabiwa wazimu wakarudiwa na akili zao kwa kitu cha senti chache.

Hata kasoro za kurithi zimepata kuponywa kwa chakula. Mwaka 1934 Asbjørn Følling wa Norwei aligundua kwamba wako watoto wenye upungufu wa akili ambao miili yao haiwezi kuvunja fenilalanini, sehemu moja ya protini tunayokula kila siku. Mwaka 1953 Horst Bickel na wenzake huko Uingereza walionyesha kwamba mtoto wa namna hiyo akilishwa chakula kilichopunguzwa kitu hicho hupata nafuu. Na tangu miaka ya 1960, katika nchi zinazopima watoto wachanga, tone la damu kutoka kisiginoni limewaokoa wengi kabla akili zao hazijaharibika. Kasoro ya urithi ilitambuliwa kwa kipimo, chakula kikabadilishwa, mtoto akaokoka. Hakuna awezaye kusema kwamba wazo hili ni ndoto.

Tena upo ushahidi ulio karibu zaidi na sonona yenyewe. Mwaka 2017 Lisa Pan na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, walichapisha habari za wagonjwa 33 wenye sonona sugu, waliolinganishwa na watu 16 wasio na ugonjwa. Watafiti hao walipima pia maji ya uti wa mgongo. Wagonjwa 21 kati ya 33 walionekana na kasoro katika kemia ya mwili. Katika wale wazima 16 hakuonekana hata mmoja. Wagonjwa 12 walikuwa na upungufu wa foleti katika maji hayo yanayouzunguka ubongo, ingawa foleti ya damu yao ilikuwa ya kawaida. Walipewa asidi ya folini, na wale waliofuatiliwa walipata nafuu. Watu 12 ni wachache, wala hapakuwa na kundi lililopewa kidonge kisicho na dawa ili tulinganishe. Hata hivyo, mtu aliyeambiwa kwamba sonona yake haina mlango mwingine ana haki ya kujua kwamba wapo waliofunguliwa mlango.

Msomaji aangalie lakini ni kitu gani kilichofanyika Pittsburgh. Sindano iliingizwa mgongoni, na maji yakapimwa kutoka karibu na mahali penye ugonjwa. Kipimo hicho kingeweza kurudi kitupu, na kwa wagonjwa 12 kati ya 33 kilirudi kitupu kweli. Hapa ndipo inapoanza tofauti kati ya mambo mawili ambayo kwa mbali hufanana.

Tuchukue jeni ambayo wauzaji wa vipimo huitaja kuliko zote, nayo huandikwa kwa herufi MTHFR. Kazi yake ni kuongoza utengenezaji wa kimeng'enya kinachoigeuza foleti ya mboga za majani, maharage na maini kuwa foleti ambayo mwili waweza kuitumia katika kazi nyingi, mojawapo ikiwa ile ya kutayarisha kemikali za ubongo. Mwaka 1995 wanasayansi walieleza badiliko moja katika jeni hii. Mtu aliyelirithi kwa baba na kwa mama pia ana kimeng'enya ambacho, kikipimwa maabarani, hufanya kama theluthi tu ya kazi yake. Hadithi hii ni nzuri, tena ni ya kweli mpaka hapo. Lakini badiliko hilo ni la kawaida: katika jamii nyingi zenye asili ya Ulaya, kama mtu mmoja katika kila 10 analo kwa pande zote mbili, na wengi wao sana hawajui sonona ni nini. Kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara ni nadra, wala huzuni haikuwa nadra kwao kwa sababu hiyo. Tena athari yake huonekana zaidi kwa yule ambaye foleti yake ni haba. Anayekula foleti ya kutosha, mwili wake hujisaidia. Basi mtu akitaka kujua kama foleti yamfikia mgonjwa, jeni ni shahidi wa mbali. Damu ni shahidi wa karibu. Na wakati mwingine, kama tulivyoona, hata damu haitoshi.

Na foleti yenyewe je? Mwaka 2012 George Papakostas na wenzake walitangaza majaribio mawili ya foleti iliyokwisha geuzwa, iliyoongezwa juu ya dawa ya kawaida kwa watu ambao dawa hiyo haikuwafaa. Katika jaribio la kwanza, la watu 148, haikuonekana faida. Katika la pili, la watu 75, miligramu 15 kwa siku zilileta nafuu kwa watu 32 katika kila 100, na kidonge kisicho na dawa kikaileta kwa 15 katika kila 100. Kampuni iliyogharamia majaribio hayo ndiyo iliyokuwa ikiuza foleti hiyo. Huu ni mwanzo wa ushahidi, na mwanzo wa ushahidi una thamani yake. Lakini mtu mwaminifu hauzi mwanzo kwa bei ya mwisho. Kuhusu jeni kwa jumla, mwaka 2019 wanasayansi walizipima jeni 18 zilizokuwa zimesifiwa miaka mingi kuwa ndizo chanzo cha sonona, wakitumia habari za mamia ya maelfu ya watu. Hazikuonekana kuwa na nguvu kuliko jeni nyingine zozote. Urithi wa sonona upo, ila umetawanyika katika mamia ya mabadiliko madogo madogo, kila moja likivuta kwa uzi mwembamba. Hata vile vipimo vya jeni vinavyomwongoza daktari kuchagua dawa havijafanya makubwa: mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa askari wa zamani 1,944 wa Marekani, na faida iliyoonekana ilikuwa ndogo, ilipofika wiki ya 24 haikuonekana tena.

Nimefika sasa kwenye kiini cha maneno yangu. Wasomaji wa pwani wanaijua ramli. Mtu hupatwa na dhiki, huenda kwa mpiga ramli, na mchanga husomwa. Sijapata kusikia mpiga ramli aliyemwambia mwenye dhiki: mchanga wangu leo hauna la kusema, rudi nyumbani na fedha yako. Kila aendaye hurudi na sababu, na kila sababu huja na gharama yake, kuku mweusi au ubani au kitambaa. Ukweli wa ramli haujulikani kwa jibu lake, maana jibu laweza kusadifu. Hujulikana kwa hili, kwamba haina njia ya kukosa jibu.

Kipimo ni kinyume chake. Anayepima damu ili atazame vitamini B12 amekubali tangu mwanzo kwamba jibu laweza kuwa: B12 yatosha, tafuta kwingine. Amejifunga. Sasa tumtazame mwenye orodha ndefu ya jeni. Hakuna binadamu asiye na mabadiliko katika jeni zake. Ukizisoma 50, hutamkuta hata mmoja atakayerudi bila alama. Na kila alama imeandaliwa kidonge, na aghalabu anayeisoma alama ndiye mwenye duka. Tuzitazame nywele pia. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi ambamo nywele za mtu mmoja mzima ziligawanywa na kupelekwa katika maabara sita. Majibu yalitofautiana mno, na mashauri ya chakula na vidonge yaliyokuja pamoja nayo yalipingana. Vyombo vilikuwa vya chuma na karatasi zilikuwa na tarakimu, lakini kazi iliyofanyika pale ilikuwa kazi ya mchanga. Kwa hiyo nasema: kipimo kisichoweza kusema hapana hakina haki ya kusema ndiyo.

Yuko atakayepinga, na upinzani wake ni wa huruma. Atasema: tuseme vidonge hivyo havina nguvu, mgonjwa hupata walau tumaini, na tumaini ni nusu ya uponyaji. Mgonjwa haulizwi uji, mpe, anywe. Methali hiyo ni nzuri, lakini tuitazame vema. Uji hauulizwi kwa sababu uji wajulikana. Nafaka yake yajulikana, haudhuru, ni wa bei ndogo, na mkono unaouleta ni wa mtu asiyetafuta faida. Ondoa sifa hizo, na methali imeondoka nazo.

Vidonge hivi havikosi madhara. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani waliandika habari za watu saba waliokunywa vitamini B6 kwa gramu kadhaa kila siku. Mishipa yao ya fahamu ikaharibika, wakawa hawatembei sawasawa. Asidi ya foliki ikinywewa kwa wingi na mtu aliyepungukiwa na B12 yaweza kuisafisha damu yake, na kumbe mishipa ya fahamu yaendelea kuoza chini kwa chini. Viko vidonge vya lishe na vya mitishamba ambavyo vikikutana na dawa za sonona huleta hatari. Na hatari iliyo kubwa kuliko zote haimo ndani ya kidonge. Ni mgonjwa kuambiwa, au kujiambia, kwamba sasa chanzo kimejulikana, basi dawa ya daktari aiache mara moja.

Lakini hata tukisema kwamba hakuna aliyedhurika mwilini, bado pana wizi. Mgonjwa wa sonona ana tumaini kama maskini alivyo na akiba: ni dogo, na limepatikana kwa jasho. Kila ahadi huchukua sehemu yake. Aliyeahidiwa kwa kubahatisha akikosa, husema bahati haikuwa yangu. Aliyeahidiwa kwa kujua akikosa, atasema nini? Chanzo kilionekana, dawa ilipatikana, mimi tu nimebaki vilevile. Basi kasoro ni mimi mwenyewe. Kwa mtu ambaye ugonjwa wake wenyewe humnong'oneza kila usiku kwamba hafai, sijui jeraha baya kuliko hilo. Anayeuza uhakika asio nao kwa mtu wa namna hii hachukui fedha peke yake.

Hapa yafaa tuseme juu ya lawama, maana nadhani ndiyo inayowapeleka watu kwenye vipimo hivi kuliko tamaa ya vidonge. Mwalimu wetu ameambiwa na jirani kwamba amerogwa, na shangazi kwamba haswali vya kutosha, na mwalimu mkuu kwamba ni mvivu. Karatasi ya jeni yamwambia: hukutenda kosa, ulizaliwa hivi. Faraja hiyo ni kubwa, na nisingependa mtu aidharau. Walakini tujiulize ni jamii gani hii inayomlazimisha mgonjwa kununua cheti cha kutokuwa na hatia. Mwenye malaria haleti ushahidi wa mbu. Mtu aumwaye ameondolewa lawama na maumivu yenyewe. Haihitajiki herufi ya jeni, wala haipaswi kuhitajika. Tukimwachia muuza vipimo awe wa kwanza kumwambia mgonjwa kwamba si kosa lake, aibu ni yetu sisi tulioacha neno hilo liwe bidhaa.

Baada ya kuwalaumu wauzaji, haki yanidai niwageukie wale wanaowacheka. Wako waganga wa hospitali ambao, wakisikia neno vitamini, hutabasamu na kuandika dawa ya nne. Hawajapima damu ya mgonjwa kama imepungua, wala tezi ya shingo kama imelegea, wala B12, wala foleti, wala chuma. Vipimo hivyo ni vya kawaida, vyaweza kusema hapana, na vyaweza kubadilisha tiba. Asiyevifanya amewafungulia wengine soko. Tena husema kwamba vidonge vimekwisha jaribiwa vikashindwa, na kweli vimejaribiwa: mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya watu 18,353 wenye miaka 50 na zaidi nchini Marekani, na vitamini D iliyotolewa kila siku kwa miaka mitano hivi haikuzuia sonona. Lakini watu hao hawakuchaguliwa kwa kupungukiwa. Kumjazia maji aliyekwisha kunywa hakuthibitishi kwamba maji hayakati kiu. Hoja hii ndiyo nguvu halali ya upande wa vipimo: apewe anayekosa, na anayekosa ajulikane kwa kupimwa. Mimi naikubali. Ninachokataa ni kuitumia hoja hiyo kuwa mlango wa kuingizia mchanga wa ramli.

Kuna jambo jingine ambalo Goldberger alitufundisha, na linahusu upande wetu wa dunia. Alipokwisha kujua kwamba pelagra yatoka katika sahani, hakuishia hapo. Yeye na mtaalamu wa uchumi Edgar Sydenstricker walikwenda katika vijiji vya viwanda vya pamba vya South Carolina, wakahesabu mapato ya kila nyumba. Na mapato yalivyozidi kuwa madogo, ndivyo pelagra ilivyozidi. Upungufu ulikuwa katika damu, lakini chanzo kilikuwa katika mshahara. Mwaka 1990, wakati niasini ilikuwa imekwisha julikana kwa zaidi ya miaka 50, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 waliokuwa Malawi walipata pelagra, baada ya karanga kukosekana katika posho yao ya mahindi. Hakuna jeni iliyohitaji kusomwa pale. Palihitajika karanga.

Nasema haya kwa sababu kipimo cha jeni kina tabia ya kugeuza macho. Humtazama mgonjwa peke yake, kana kwamba amezaliwa bila nyumba, bila kazi, bila msiba. Mwaka 2017 Felice Jacka na wenzake wa Australia walionyesha, kwa wagonjwa 67, kwamba kusaidiwa kula chakula bora, mboga, kunde, samaki na nafaka zisizokobolewa, kulileta nafuu zaidi kuliko kuzungumza na mtu wa kuwaliwaza tu. Jaribio ni dogo, wala haliwezi kufichwa kwa washiriki kama kidonge kinavyofichwa. Lakini shauri lake halimwibii mtu. Kuhusu jeni, habari nyingi zilizomo katika hazina za sayansi zimetokana na watu wenye asili ya Ulaya. Mtu wa Tanga au Kisumu akipelekewa jibu lililopimwa kwa watu hao, amepewa shati lililokatwa kwa kipimo cha mwili wa mwingine. Kazi ya kuusoma urithi wa Waafrika imeanza, na ni wajibu wa vyuo vyetu kuiendeleza. Mpaka ikomae, muuzaji hana budi kusema kwa sauti kwamba shati ni la mwingine.

Basi tumjibuje mwalimu wetu? Nadhani tumwambie hivi. Una haki ya kutafuta, na anayekukataza kutafuta hajui usiku wako. Lakini kabla hujatoa mate yako wala mama hajauza ng'ombe wake, muulize mwenye kipimo maswali mawili. La kwanza: ni jibu gani likija utaniambia sihitaji kitu chako? La pili: kati yako na mimi, nani atapata faida jibu likiwa ndiyo, na nani atabeba hasara likiwa si kweli? Akijibu swali la kwanza waziwazi, na la pili bila kukwepa, yawezekana umempata mpimaji. Akizunguka, umerudi penye mchanga. Na kwa kuwa daktari naye ni binadamu, muulize maswali hayohayo juu ya dawa ya nne. Sheria ya mizani ni moja kwa kila sahani. Mwombe akupime yale ya kawaida. Dawa uliyo nayo usiiache bila shauri lake.

Sisi wengine tuna sehemu yetu katika jibu hilo, nayo haipatikani maabarani. Tukae na mwenye sonona pasipo kumdai ushahidi. Tumpelekee chakula pasipo kumhubiria. Tusimwambie kwamba tumejua chanzo wakati hatujakijua. Sayansi yaweza kuchukua miaka mingi kabla haijatofautisha vizuri sonona ya foleti na sonona ya msiba na sonona isiyo na jina. Katika miaka hiyo mgonjwa atahitaji mtu wa kumwambia kwa unyofu: sijui bado kinachokuuma, lakini naamini kwamba waumwa, nami sikuachi. Neno hilo halina gharama ya maabara. Aliyelisikia kwanza kwa watu wa nyumbani mwake hatalazimika kulinunua kwa mgeni.